Wanaredio wa ridhaa Marekani: AM, mitambo ya kale na mvutano wa kanuni

Jioni za majira ya baridi, karibu na kilohezi 3885 za masafa mafupi, husikika Marekani sauti ambazo si za kituo chochote cha utangazaji. Hakuna muziki, hakuna taarifa ya habari wala matangazo ya biashara. Ni watu walio majumbani mwao, kila mmoja akiwa na leseni, wakipokezana zamu ya kusema, na mara nyingi wakizungumzia mitambo ile ile wanayoitumia kuzungumza.

Hao ni wanaredio wa ridhaa, watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi yao wala si kwa malipo. Wenzao wengi duniani waliiacha AM zaidi ya nusu karne iliyopita. Wao wameishikilia, na kwa sababu hiyo wamelazimika zaidi ya mara moja kuitetea mbele ya tume ya serikali.

Makala haya yanaeleza AM ni nini, kwa nini mitambo yake ya kale ingali hai, na jinsi tarakimu moja ndani ya kanuni inavyoweza kuidhoofisha hata pasipo kuitaja.

AM ni nini?

Katika AM, mtambo hurusha wimbi moja lisilokatika, na nguvu ya wimbi hilo hupanda na kushuka kwa kufuata sauti ya msemaji. Hii ndiyo njia ya awali kabisa ya kupeleka sauti ya binadamu kwa redio. Reginald Fessenden, mvumbuzi mzaliwa wa Kanada, aliijaribu huko Cobb Island, katika jimbo la Maryland, mwezi Desemba 1900.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki anaifahamu AM hata kama hakuwahi kuijua kwa jina. Idhaa ya Kiswahili ya London, iliyoanza Juni 1957, na zile za Marekani na Ujerumani zilizofuata, zilimfikia kwa miaka mingi kwa masafa mafupi ya AM. Ndiyo ile sauti iliyokuwa ikija na kufifia, mithili ya maji kupwa na kujaa, huku mzee akiizungusha redio kutafuta upande inakosikika vizuri.

Hata hivyo, AM ina gharama. Wimbi kuu lenyewe halibebi neno lolote. Maneno yamo katika mbavu zake mbili, na kila ubavu ni nakala ya ule wa pili. Wataalamu wakagundua kwamba inawezekana kulifuta wimbi kuu pamoja na ubavu mmoja, na ujumbe ukafika salama. Njia hiyo huitwa SSB. Hutumia takriban kilohezi 3 za nafasi, ilhali AM huhitaji 6 au zaidi, na nguvu yote ya mtambo huenda kwenye maneno.

SSB ilienea miongoni mwa wanaredio wa ridhaa katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1970, AM ilikuwa imebaki mikononi mwa wachache.

Sababu ya wachache hao kutoiacha ni mbili. Kwanza ni sauti yenyewe: ya AM ni nzito na ya asili, wakati ile ya SSB ni nyembamba, na redio ikikosewa kidogo tu katika kutegwa, msemaji husikika kama bata. Pili ni mitambo.

Chuma, shaba na kioo

Viwanda vilivyotengeneza mitambo hiyo vimekuwa na hadhi ya pekee kwa wapenzi wake. Collins ya Cedar Rapids, Iowa, ilitengeneza mtambo wa KW-1 mwanzoni mwa miaka ya 1950, na uliundwa kwa idadi ndogo ya 150 tu. Hallicrafters ya Chicago ilitoa mtambo ambao jeshi liliuchukua katika Vita vya Pili vya Dunia na kuupa jina la BC-610, wenye uzito wa takriban kilo 180. E. F. Johnson ya Waseca, Minnesota, iliuza mitambo ya jina la Viking. Heathkit ya Michigan iliuza vipande ndani ya boksi pamoja na kitabu cha maelekezo, na mnunuzi akaunda mtambo wake mwenyewe mezani kwake.

Wapo pia waliojitwisha mizigo mikubwa zaidi. Vituo vya utangazaji vya masafa ya kati vilipoanza kununua mitambo ya kisasa, ile ya zamani ya kilowati moja, kama vile Gates BC-1T yenye kimo cha kabati la nguo, iliuzwa kwa bei ndogo au kutolewa bure kwa mwenye kuweza kuibeba. Mwanaredio wa ridhaa huibadilisha ili ifanye kazi katika masafa aliyoruhusiwa, kisha huipatia nafasi gereji, mahali pa gari.

Mitambo hii haitumii transista. Hutumia vali, yaani chupa za kioo zilizoondolewa hewa, ambazo huwaka kwa wekundu zinapopata moto. Kila kiungo chake huonekana kwa macho na huweza kushikwa, kupimwa na kubadilishwa. Mtu mwenye mchoro, kipimo na chuma cha kulehemu anaweza kuurejesha uhai wa mtambo uliolala ghalani kwa miaka 40. Redio nyingi za leo, ambazo kazi yake hufanywa na vijisahani vidogo vya kielektroniki, hazimpi fundi wa nyumbani nafasi hiyo.

Lakini ni kazi inayotaka tahadhari kubwa. Ndani ya mitambo mikubwa kuna umeme wa volti 2,000 hadi 3,000, na kapasita zake huweza kubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Ndiyo maana wazoefu huwasisitizia wanagenzi watumie fimbo maalumu ya kuutuliza umeme kabla ya mkono kuingia ndani, na wasifanye kazi hiyo wakiwa peke yao.

Kanuni isiyoitaja AM

Masafa nchini Marekani husimamiwa na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, iliyoundwa mwaka 1934. Mwaka 1976 Tume hiyo ilitoa pendekezo, lililojulikana kwa namba 20777, la kuweka kikomo cha upana wa masafa kwa kila aina ya mawasiliano ya ridhaa. Kikomo hicho kingeitosha SSB na kuiacha AM nje katika sehemu kubwa ya masafa mafupi. Pingamizi zilikuwa nyingi, na kipengele hicho hakikupitishwa.

Pigo lililofika kweli lilikuja kwa njia nyingine. Kanuni ya zamani ilipima umeme unaoingia katika hatua ya mwisho ya mtambo, na kikomo kilikuwa wati 1,000. Mtambo mzuri wa AM uliweza kutoa wimbi kuu la wati 750 hivi. Mwaka 1983 Tume ilibadili kipimo: sasa kingehesabiwa kilele cha nguvu inayotoka, kisizidi wati 1,500.

Kwa SSB, mabadiliko hayo hayakuwa na madhara. Kwa AM, hesabu ni tofauti. Sauti inapofika upeo wake, kilele cha nguvu ya AM huwa mara nne ya wimbi kuu. Gawanya 1,500 kwa nne, utapata 375. Kwa maneno mengine, nguvu halali ya AM ilipunguzwa kwa nusu na kanuni ambayo haikuwa na neno moja baya juu yake. Watumiaji wa AM walipewa muhula hadi Juni 1990, na ulipokwisha haukuongezwa.

Funzo la mwaka 1990 linaeleza hofu iliyozuka mwezi Novemba 2005. Safari hii pendekezo halikutoka serikalini, bali kwa chama kikuu cha wanaredio wa ridhaa nchini humo, ARRL, kilichoasisiwa mwaka 1914. Chama kiliiomba Tume igawe masafa kwa kufuata upana wa mawimbi badala ya aina ya mawasiliano, ili kurahisisha ujio wa njia za kidijitali. Kikomo cha sehemu za sauti kingekuwa kilohezi 3.5, na AM ingeruhusiwa kwa msamaha maalumu hadi kilohezi 9.

Hoja za pande mbili

Waliounga mkono walisema masafa ni mali ya wote na hayaongezeki, kwa hiyo anayetumia nafasi ya watu wawili hana budi kuwekewa mpaka. Walisema pia kwamba kanuni zinazotaja aina za mawasiliano kwa majina huzuia ugunduzi mpya.

Wapenzi wa AM walijibu kwamba msamaha si haki, na kilichotolewa kwa ibara moja huondolewa kwa ibara moja. Aidha, waliuliza ni nani angeupima upana wa wimbi la mtambo uliotengenezwa mwaka 1952, na kwa chombo gani. Walikumbusha kwamba kanuni zenyewe zinataja ujuzi wa kiufundi na maendeleo ya sanaa ya redio miongoni mwa malengo ya huduma hii.

Hawakuwa peke yao katika kupinga. Wengine walihofu kwamba mitambo ya data ingevamia maeneo ya mazungumzo. Mwezi Aprili 2007, chama kililiondoa ombi lake.

Afrika Mashariki na Ghuba

Kila nchi ina herufi zake za utambulisho: 5Z ni Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda, A4 Oman. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman alikuwa mwanaredio wa ridhaa, akitambulika kwa A41AA.

Lakini mipaka ya masafa haifanani kila mahali. Kilohezi 7290, mojawapo ya makutano ya AM Marekani, ziko katika eneo ambalo Afrika na Ulaya zimelitengea utangazaji wa kimataifa. Mwanaredio wa Mombasa au Muscat huishia kilohezi 7200. Hata huo ni unafuu, kwani kabla ya Machi 2009 alipaswa kuishia 7100.

Hali ilivyo sasa

Hadi leo, kanuni za Marekani hazitaji tarakimu ya upana kwa AM katika masafa mafupi. Zinamtaka mtumiaji asichukue nafasi kuliko inavyohitajika, kwa kufuata desturi njema za huduma hiyo. Novemba 2023, Tume ilifuta kikomo cha zamani cha kasi ya data na badala yake ikaweka upana wa kilohezi 2.8, kanuni iliyoanza kutumika Januari 2024. Inahusu data peke yake. AM haikuguswa.

Hata hivyo, ndiyo njia ile ile ya kutawala kwa tarakimu. Mapendekezo ya aina hii hutangazwa na Tume, na yeyote huruhusiwa kuwasilisha maoni kwa maandishi kabla ya uamuzi. Wenye mitambo ya kale wamejifunza kuyasoma kwa makini kila yanapotoka, hasa pale ambapo neno AM halionekani.