Diya, Fidia na Uzembe: Msamiati wa Majeruhi wa Reli

Lunga Lunga haina reli. Hata hivyo, mji huo wa mpakani umekaa baina ya njia mbili kongwe: ile ya Tanga, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1893, na ile ya Mombasa, iliyoanzwa na Waingereza mwaka 1896. Majina ya chombo chenyewe hayana matata: gari ni la Kihindi, reli na stesheni ni ya Kiingereza. Matata yamo katika maneno ya mtu aliyeumizwa na chombo hicho.

Nao hawakuwa wachache. Katika vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga njia ya Mombasa hadi Kisumu, 2,493 walikufa na 6,454 wakawa hawajiwezi tena kwa kazi.

Sheria ya Kiislamu, iliyozoeleka pwani, ilikuwa na neno tayari: diya. Mkono mmoja ni nusu ya diya kamili, kidole ni sehemu ya kumi. Majedwali ya serikali nayo hupima viungo vivyo hivyo, ila kwa asilimia. Mbona basi lililoshika ni fidia? Yumkini kwa kuwa diya humtazamia mtendaji, pamoja na ukoo wa kumsaidia kulipa, na shirika la reli halina ukoo. Fidia ni ya kukomboa. Ndiyo atoayo mzee asiyeweza kufunga Ramadhani, kibaba cha nafaka kwa kila siku, wala hapana amwitaye mkosaji. Neno hilo laafikiana na sheria ya Kenya ya 2007 na ya Tanzania ya 2008, ambazo hazimtaki mfanyakazi aliyeumia kazini athibitishe kosa la mwajiri.

Abiria, au mpita njia aliyegongwa kwenye kivuko cha reli, hana nafuu hiyo. Yeye hana budi kuthibitisha uzembe, na hapa ndipo lugha inapoweza kumponza. Mitaani mzembe ni mvivu. Mahakamani ni aliyekosa uangalifu uliompasa kwa mwenziwe. Dereva aliyekesha kazini usiku kucha si mvivu hata kidogo, lakini huenda ndiye mzembe hasa machoni pa sheria. Shahidi akiulizwa kama dereva yule alikuwa mzembe, atajibu kwa moyo safi, "La, ni mchapa kazi," na mdai amekwisha kupoteza ushahidi wake. Afadhali mkalimani aulize kwanza kama dereva alitazama mbele, alipiga honi, na alishika breki wakati gani.