Barua za Mwaka 1997



Kila Siku ya Wakimbizi huandikwa habari za mahema, maji na posho. Kamati imetuomba sisi walimu tueleze jinsi masomo yalivyoanza hapa Nyarugusu. Tutaeleza upande mmoja tu, wa kuandika.

Vita ilifika Uvira mwezi wa Oktoba 1996. Watu wa Uvira, Baraka na Fizi walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na boti hadi Kigoma, na wengi wakaletwa huku wilaya ya Kasulu. Sisi tunaofundisha leo tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni au kushikwa mkono. Walimu waliotutangulia walitukusanya chini ya miti kabla vitabu havijafika. Fasihi ilikuwa ile iliyokuwa vichwani mwao: ngano, methali na vitendawili.

Lakini insha, kwa maoni yetu, ilifundishwa hasa na karatasi za Msalaba Mwekundu. Karatasi hiyo ilikuwa ya kutafuta ndugu waliopotezana. Ilikwenda wazi, bila kufungwa, na ilisomwa kabla ya kupelekwa. Habari za familia tu ndizo zilizoruhusiwa: nani yu hai, nani amezaliwa, nani amefariki, tuko wapi. Habari za askari na siasa hazikupita.

Wazee wasiojua kusoma walikwenda kwa walimu jioni, baada ya kupanga foleni ya maji. Mzee alianza kusimulia usiku wa kukimbia, risasi, nyumba iliyochomwa. Mwalimu alisikiliza yote, kisha akamwambia: “Baba, haya hayatapita. Tuandike nini?” Hapo kazi ilikuwa ngumu. Nafasi ni ndogo, na aliyebaki ng'ambo anataka kujua kama mama yake alifika. Basi waliandika: “Mama tulimwacha Baraka, pumziko jema.” Ndugu alielewa.

Wanafunzi wakubwa waliandikishwa pia. Waliandika kama mzee alivyotamka, “watoto wanaenda ku masomo”, ingawa wenyeji wetu wa Kigoma husema shuleni. Walimu hawakusahihisha, na tunaona walifanya vyema. Mtoto aliyeko Uvira alipaswa kuisikia sauti ya babake.

Tarehe 17 Mei 1997 Zaire ikaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina la Zaire lilikuwa limedumu tangu 1971, na daftari za jiografia zilikuwa nalo kila ukurasa. Wanafunzi walilikata kwa mstari mmoja wa kalamu, maana kufuta kungetoboa karatasi, na daftari nyingine haikuwepo.

Majibu mengine yalifika. Karatasi nyingine zilirudi kwa kukosa mwenyewe, na mwalimu aliyeiandika ndiye aliyeitwa kuisoma mbele ya familia.

Wazee wenye karatasi hizo wazilete shuleni tuzinakili. Asili watabaki nayo wenyewe.