JENERALI ALIYEKATAA KUONDOKA
Henry Kwami Anyidoho, Ghana

Jengo hili ni Uwanja wa Amahoro, Kigali, Rwanda. Aprili 1994, maelfu ya watu walijibanza humu, wakilala kwenye ngazi na chini ya majukwaa, huku makombora yakipita juu. Makao ya kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, yalikuwa hatua chache kutoka hapa. Naibu kamanda wake alikuwa Brigedia Jenerali Anyidoho.

Wanajeshi 10 wa Ubelgiji katika kikosi hicho waliuawa tarehe 7 Aprili, na nchi yao ikaondoa kikosi chake. Tarehe 21, Baraza la Usalama likaamua wabaki watu 270 tu. Anyidoho aliamua Waghana wasiondoke, kisha ndipo akaieleza serikali yake. Accra ikakubali. Waliobaki walikuwa karibu 450, wengi wao Waghana.

Bunduki zao chache hazingezuia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kilichobaki ni mdomo. Kila lori la kuhamisha raia lilidai mazungumzo na pande zote mbili za vita, serikali na waasi, na hata hivyo tarehe 3 Mei msafara kutoka Hôtel des Mille Collines ulisimamishwa na wanamgambo, watu wakapigwa na kurudishwa. Baadaye mabadilishano ya raia kati ya pande mbili yalifanikiwa.

Baada ya jeshi, alivaa suti: naibu mkuu wa kiraia wa ujumbe wa kulinda amani, UNAMID, huko Darfur, Sudan, na mwaka 2009 akakaimu ukuu wake. Kumbukumbu zake za Kigali zilichapishwa 1997.