Chapa na Kipimo: Kaliba za Asili na Kaliba Zilizogeuzwa katika Bunduki za Makadeti wa Australia

Katika historia ya silaha, kama katika historia ya maneno, maandishi yaliyochorwa juu ya kitu huweza kudumu hali kitu chenyewe kimekwisha geuka. Mfano ulio wazi ni bunduki ndogo ya Martini iliyotengenezwa Birmingham, na BSA pamoja na W. W. Greener, kwa ajili ya makadeti wa Australia. Mafunzo ya lazima ya kijeshi yalianza huko mwaka 1911, na wavulana walihitaji silaha nyepesi kuliko bunduki ya askari ya kaliba .303, ambayo pigo lake begani lilikuwa kali kwa mtoto. Mtambo wake hutolewa mzima kwa kuchomoa pini moja, kwa mtindo wa Francotte wa Liège, mji wa Ubelgiji uliotajika kwa mafundi wa bunduki.

Neno moja lahitaji kufafanuliwa kwanza. Katika Kiswahili «risasi» ni madini, ni kile kipande kinachoruka, tena ni kitu kizima kitiwacho ndani ya bunduki. Hata usemi wa Kongo, «masasi», hautenganishi hayo mawili ya mwisho. Hapa «risasi» ni kitu kizima, «ganda» ni sehemu ya shaba inayobeba baruti, na «kichwa» ni kipande kirukacho.

Juu ya mwili wa bunduki hiyo huonekana kangaruu na maneno COMMONWEALTH OF AUSTRALIA. Mara nyingi pia herufi za jimbo, kama N.S.W. Chapa hizi humtaja mwenyeji wa kwanza. Juu ya kaliba ya leo hazisemi neno. Risasi ya asili ni .310, iliyobuniwa na Greener karibu na mwaka 1900, na hata tarakimu hiyo yaweza kupotosha: inchi 0,310 ni nafasi iliyo kati ya matuta ya ndani ya mtutu, lakini kutoka mfuo hadi mfuo kipimo hukaribia 0,320.

Mafunzo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1929. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bunduki hizo ziliuzwa kwa wingi, na nyingi zikavuka bahari hadi Marekani. Huko risasi ya .310 ilikuwa adimu, ila .32-20 ya Winchester, iliyotoka mwaka 1882, ilijulikana sana. Vitako vya maganda ya risasi hizo mbili vinakaribiana mno. Tofauti kubwa ni urefu, yapata milimita 28 kwa ile ya kwanza na 33 kwa ya pili. Fundi alichimba chemba ikaingia ndani zaidi, basi. Mtutu aliuacha. Kichwa cha .32-20 kina inchi 0,312 tu. Kikipita katika mtutu wa 0,320 hakiishiki mifuo vema, gesi hupenya kandoni, na shabaha hupotea. Asiyejua hulaumu kutu, au wale wavulana wa shule.

Mafundi wengine waliweka mtutu mpya kabisa, wa .22 Hornet au .357 Magnum. Wengine waliutoboa ule wa zamani wakapachika bomba la .22 ndani yake. Pete nyembamba mdomoni huwafichua. Uingereza, silaha iliyogeuzwa hivyo hulazimika kujaribiwa upya na kupigwa chapa kabla ya kuuzwa. Marekani haina sheria ya namna hiyo, kwa hiyo kangaruu huweza kubaki aking'aa juu ya kaliba asiyoijua. Makumbusho yanayoandika kadi kwa kusoma chapa tu hudanganyika. Mpiga shabaha afanyaye vivyo hivyo huhatarisha jicho lake.

Kinachoamua ni kipimo. Zamani mafundi walimimina kiberiti kilichoyeyushwa ndani ya chemba. Siku hizi hutumia aloi yenye bismuthi, iyeyukayo kabla maji hayajachemka. Kisha kipande cha madini laini ya risasi husukumwa katika mtutu wote. Vipimo hivyo viwili husomwa pamoja. Chemba ya ganda la milimita 28 na mtutu wa 0,320: bunduki imebaki kama ilivyotoka Birmingham. Chemba ya 33 na mtutu ule ule: imechimbwa. Chemba ya 33 na mtutu wa 0,312: mtutu si ule wa kwanza, hata kama mwili wake bado unamtaja kadeti wa N.S.W.