Kumhama mdai: kutoka bei khiyari ya Pemba hadi mkopo wa nyumba Sydney



Katikati ya mwaka 2023, Benki Kuu ya Australia ikiwa imeshapandisha riba mara 12 tangu Mei 2022, niliamua kuuhamisha mkopo wa nyumba yetu hapa Blacktown, magharibi ya Sydney, kutoka benki moja kwenda nyingine. Nilipomweleza mama kwa simu, huko Pemba, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Mwanangu, nyumba umeiweka rahani tena?" Nikamjibu, la mama, rahani ni ile ile, aliyebadilika ni mdai tu. Akasema: "Mtu hamhami mdai wake. Babu yako angelijaaliwa kumhama wa kwake, lile shamba lisingelitutoka."

Maneno yale yalinisumbua kuliko makaratasi yote ya benki. Kwa nini babu hakuweza, na mie nimeweza kwa wiki chache na saini tano sita? Si kwamba mie ni hodari kuliko yeye. Jibu limo katika historia, na ndiyo maana naliandika hapa.

Tuanze na Unguja na Pemba. Mwenye shamba la mikarafuu alihitaji fedha kabla ya mavuno: kupalilia, kuwalipa wachumaji, bila ya kusahau harusi na matanga. Mwenye fedha, mara nyingi, alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi. Kwa kuwa sharia ya Kiislamu inakataza riba, watu walipitia mlango wa bei khiyari. Yaani mkopaji "anauza" shamba lake, akibakiza haki ya kulinunua tena katika muda waliopatana. Huku nyuma anabaki shambani kama mpangaji, akilipa kodi. Kodi ile ndiyo riba yenyewe, ila imevishwa kanzu. Muda ukipita hujalipa, shamba limekwenda.

Hebu tazameni umbo la mkataba huo. Kwenye karatasi, mwenye shamba ni mdai. Akitokea mkopeshaji wa pili mwenye masharti nafuu, dhamana ataipata wapi? Mkopaji hana cha kumpa mpaka amalize kulipa deni la kwanza. Isitoshe, mara nyingi mdai ndiye aliyenunua karafuu, na ndiye aliyekopesha mchele na nguo dukani. Ukimhama kwa deni, umemhama na kwa chakula cha watoto.

Bei ya karafuu ilipoporomoka wakati wa mdororo wa miaka ya 1930, serikali ya Kiingereza ikashtuka. Ripoti ya Bartlett na Last ya mwaka 1933 ilichunguza madeni ya wakulima, na mwaka 1934 zikatoka amri kadhaa kwa mpigo. Mojawapo ilizuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isiende kwa mtu wa jamii nyingine bila idhini ya Balozi wa Kiingereza, na ulipaji wa madeni ukasimamishwa kwa muda. Serikali ya India ikamtuma K.P.S. Menon kuchunguza, maana Wahindi waliziona amri hizo kuwa za ubaguzi. Mgogoro ukafika hadi mgomo wa karafuu wa 1937, uliokwisha kwa mapatano ya 1938.

Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini ardhi isiyoweza kumfikia mkopeshaji, mkopeshaji haikopeshei. Kwa hiyo mdeni alikingwa na mdai wa zamani, na papo hapo akafungiwa mlango wa kupata mpya. Mwaka 1938 ikaja amri ya kusuluhisha madeni ya ardhi: madeni yakapitiwa upya, serikali ikawalipa wadai, na wadeni wakabaki kuilipa serikali kidogo kidogo. Kwa maneno mengine, watu walihamishwa mdai kwa sheria, ila aliyehama hakuchagua aendako. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi yakataifishwa na kugawiwa eka tatu tatu. La kwetu lilikuwa limeshakwenda zamani.

Sasa Australia. Msidhani Waingereza walikuwa na kitu bora tangu mwanzo. Rahani yao ya kale ilikuwa ndugu wa bei khiyari: mkopaji alimhamishia mdai umiliki wa ardhi, akabaki na haki ya kuikomboa. Aliyebadilisha mambo ni Robert Torrens, huko Australia Kusini, mwaka 1858. Katika mfumo wake ardhi inaandikwa katika daftari la serikali, na mkopo ni alama tu inayowekwa juu ya jina la mwenyewe. Umiliki hauhami. New South Wales iliufuata mfumo huo kuanzia 1863. Ndiyo maana kuhama kwangu kulikuwa kufuta alama moja na kuandika nyingine. Tangu Oktoba 2021 hata hati ya karatasi haipo tena katika jimbo hili, yote ni kompyuta.

Ila daftari hilo safi lilianza kwa kufuta. Ardhi ya hapa Blacktown ni ya watu wa Darug, na ukurasa wa kwanza wa hati unaanzia kwa Mfalme wa Uingereza, kana kwamba kabla yake hapakuwa na mtu.

Sheria nayo ilisaidia. Mikopo ya nyumba iliyotolewa kuanzia Julai 1, 2011 haitozwi tena faini ya kuondoka. Lakini mlango haujafunguka kwa wote. Tangu Oktoba 2021 msimamizi wa mabenki ameyataka yampime mwombaji kwa riba iliyozidi ile halisi kwa asilimia 3. Mwenzetu mmoja alikopa 2021, riba ya benki kuu ikiwa asilimia 0.10. Ilipofika asilimia 4.35 mwishoni mwa 2023 alitaka kuhamia kwenye nafuu, akakataliwa kwa kushindwa kipimo hicho. Yaani aliambiwa hawezi kumudu kulipa kidogo, basi aendelee kulipa kingi!

Huyo, wallahi, yuko karibu na babu yangu kuliko alivyo karibu nami. Mwenye nafasi ndiye anayehama. Anayehitaji kuhama ndiye anayebaki.

Suala la riba na dini nimeliacha makusudi, wenye elimu yake wapo. Ombi langu ni moja: mwenye karatasi za bei khiyari za wazee wake asizitupe. Tuzisome, tulinganishe masharti na muda, na nakala zipelekwe Nyaraka za Taifa kule Kilimani. Mie za kwetu bado nazitafuta.