Kumbukumbu ya tarakilishi mpya: Yanayomfaa mnunuzi wa Nakuru kujua

MKAZI wa Nakuru anayetaka kuunda tarakilishi mpya ya mezani anafaa kujua jambo moja kabla ya kutoa shilingi yake ya kwanza: ubao mama atakaoununua unakubali kumbukumbu ya aina gani.

Kosa la hapo lina gharama. Vifaa vingi huagizwa kutoka maduka ya Nairobi, umbali wa takriban kilomita 160, na kufikishwa mjini kama mizigo ya matatu. Kifaa kisichooana na vingine hurudishwa kwa njia iyo hiyo, kwa nauli ya mnunuzi, iwapo mwenye duka atakubali kukipokea.

Suala hili lilipata uzito zaidi mwishoni mwa 2025, bei za kumbukumbu zilipopanda kote duniani. Watengenezaji wakuu wa chipu hizo, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini pamoja na Micron ya Marekani, walielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye vituo vya data vinavyoendesha akili mnemba. Desemba 3, 2025, Micron ilitangaza kwamba ingeacha biashara ya kuuzia wateja wa kawaida kumbukumbu zenye nembo ya Crucial.

Mwaka huo huo, Oktoba 14, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10. Windows 11 iliyochukua nafasi yake inahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha baadaye, ama ya AMD ya kiwango kinacholingana, pamoja na kinga iitwayo TPM 2.0. Tarakilishi nyingi zilizotumika ng'ambo, ambazo Wakenya huziita ex-UK, ni za vizazi vya kabla ya hapo. Ndiyo maana wenye vituo vya mtandao, wanafunzi na wafanyabiashara wengi wamejikuta wakifikiria mashine mpya.

Kazi ndiyo kipimo

Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, ni mahali ambapo tarakilishi huweka kile inachokishughulikia kwa wakati huo. Inafanana na meza ya mchuuzi sokoni. Bidhaa iliyo mezani humfikia mteja papo hapo, ilhali iliyo ghalani huhitaji mwendo. Kumbukumbu inapojaa, tarakilishi hulazimika kuchota kutoka kwenye diski, na hapo ndipo mashine huanza kujikokota.

Kwa anayeandika barua, kujaza fomu za ushuru kwenye iTax na kutafuta huduma za eCitizen, gigabaiti 8 zinatosha, ingawa hazina ziada kubwa. Microsoft husema Windows 11 huweza kuendeshwa kwa gigabaiti 4, lakini kiwango hicho huacha nafasi finyu mno kwa kazi yenyewe.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro anayechanganua takwimu za utafiti, mhasibu wa chama cha ushirika au kijana anayecheza michezo ya video atahudumiwa vyema na gigabaiti 16. Anayehariri video za harusi au kuchora ramani za majengo anafaa kulenga gigabaiti 32.

Kununua zaidi ya mahitaji hakuongezi kasi. Tarakilishi inayotumia gigabaiti 6 kwa kazi zake zote haitakuwa nyepesi zaidi kwa kuwekewa 64. Fedha hizo zingefaa kuelekezwa kwenye diski au prosesa.

DDR3, DDR4 na DDR5

Kuna vizazi vitatu vya kumbukumbu vinavyopatikana madukani. DDR3 ilianza kutumika 2007 na sasa hupatikana hasa kwenye mashine kuukuu. Viwango vya DDR4 vilichapishwa 2012, na vya DDR5 vikafuata Julai 2020.

Vizazi hivi haviingiliani. Kila kimoja kina pengo lililokatwa mahali pake kwenye ukingo wa kipande, hivi kwamba DDR4 haiwezi kuingia katika nafasi ya DDR5 hata ikishindiliwa. Anayelazimisha huvunja nafasi hiyo na kupoteza ubao wote. Mahitaji ya umeme pia hutofautiana: volti 1.5 kwa DDR3 ya kawaida, 1.2 kwa DDR4 na 1.1 kwa DDR5.

Kwa sababu hiyo, anayedhani ataokoa fedha kwa kuhamisha kumbukumbu kutoka tarakilishi yake ya zamani hadi mpya hana budi kusoma kwanza maandishi yaliyo kwenye kibandiko chake.

Prosesa na ubao mama

Prosesa huchaguliwa kulingana na kazi, kisha ubao mama hufuata prosesa, na kumbukumbu hufuata ubao. Anayepindua mpangilio huu hujitafutia hasara.

Kwa upande wa AMD, mbao za AM4 hutumia DDR4 pekee, nazo za AM5, zilizoingia sokoni Septemba 2022, hutumia DDR5 pekee. Kwa Intel, hali inahitaji uangalifu zaidi. Prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14 huweza kufanya kazi na DDR4 au DDR5, lakini ubao mama mmoja mmoja hutengenezwa kwa aina moja. Mbao mbili zinaweza kukaribiana sana kwa jina, moja ikiwa ya DDR4 na nyingine ya DDR5. Ni sharti jina lote lisomwe, hadi herufi ya mwisho.

Herufi ya mwisho ya prosesa nayo ina siri yake. Prosesa ya Intel yenye herufi F, kwa mfano Core i5-12400F, haina uwezo wa kutoa picha bila kadi ya picha. Kwenye AM4, Ryzen 5 5600 haina uwezo huo, ilhali 5600G inao. Mnunuzi asiyepanga kununua kadi ya picha akichukua prosesa ya aina hiyo kwa kuwa ni nafuu, ataunganisha kila kitu barabara na kutazama kiwambo cheusi.

Tovuti ya mtengenezaji wa ubao huwa na orodha ya prosesa na kumbukumbu zilizojaribiwa na ubao huo. Prosesa mpya kuliko ubao huenda ikahitaji BIOS isasishwe kwanza, kazi ambayo muuzaji anaweza kuombwa aifanye kabla ya mzigo kutumwa. Kuuliza si ujinga.

Kipande kimoja au viwili?

Prosesa za mezani zinazotumika kwa kawaida huwasiliana na kumbukumbu kupitia njia mbili. Vipande viwili vya gigabaiti 8 hutumia njia zote mbili, ilhali kimoja cha gigabaiti 16 cha aina ile ile hutumia moja tu.

Tofauti hii huonekana zaidi kwenye tarakilishi isiyo na kadi ya picha, kwa kuwa sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa huazima kumbukumbu hiyo hiyo. Mashine ya aina hiyo yenye gigabaiti 8 pia huwa na pungufu kidogo, kwani sehemu fulani hutengewa picha.

Hata hivyo, mwenye bajeti finyu anaweza kuanza na kipande kimoja kikubwa kwenye ubao wenye nafasi nyingine tupu, kisha aongeze cha pili baadaye. Kitakachoongezwa kifaa kuwa cha kizazi, ukubwa na kasi ile ile. Vipande vinavyouzwa pamoja katika pakiti moja ndivyo salama zaidi, kwa kuwa vimelinganishwa kiwandani. Kwa DDR5, vipande viwili huwa bora kuliko vinne, kwani mbao nyingi hushusha kasi nafasi zote nne zinapojazwa.

Kasi iliyoandikwa

Namba kama 3200 au 6000 hueleza kasi ya kusafirisha data. Namba inayofuata herufi CL hueleza muda wa kusubiri kabla data haijaanza kutoka, na huwa bora inapokuwa ndogo.

Namba hizo husomwa pamoja. Kuzidisha CL kwa 2,000 na kugawanya kwa kasi hutoa muda huo katika nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 husubiri nanosekunde 10, sawa na DDR5 ya 6000 yenye CL30. DDR5 ya 4800 yenye CL40 husubiri karibu nanosekunde 17. DDR5 hiyo husafirisha data nyingi zaidi kuliko DDR4 ile, lakini huchelewa kuanza, na kwa kazi za ofisi mtumiaji huenda asione tofauti yoyote.

Kumbukumbu nyingi zenye kasi kubwa huanza kwa kiwango cha chini hadi mwenyewe aingie kwenye BIOS na kuwasha mpangilio uitwao XMP au EXPO. Asiyefanya hivyo hulipia kasi asiyoitumia.

Vya kuepukwa

Kumbukumbu za vipakatalishi huwa fupi, yapata sentimita 7, ilhali za mezani ni karibu sentimita 13. Muuzaji wa mtandaoni asiyeonyesha picha ya kipande kizima aulizwe.

Nyingine ni zile zilizotolewa kwenye seva kuukuu, ambazo vibandiko vyake huwa na neno RDIMM au Registered. Huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini hazifanyi kazi kwenye mbao za kawaida za mezani.

Anayefikiria kuboresha tarakilishi ndogo ya ex-UK badala ya kuunda mpya anafaa kufungua kasha kwanza. Nyingi huwa na pawa saplai ya umbo la pekee, viunganishi visivyo vya kawaida na nafasi ya kadi fupi tu. Zile zilizotoka Marekani huenda zikawa na swichi ya volti nyuma. Ikiwa imeachwa kwenye 115 na mashine ichomekwe kwenye umeme wa Kenya wa volti 240, pawa saplai itaungua papo hapo.

Umeme na vumbi

Kaunti ya Nakuru ndiyo makao ya visima vya mvuke vya Olkaria, karibu na Naivasha, vinavyochangia sehemu kubwa ya umeme wa taifa. Ujirani huo hauzuii stima kupotea. Usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilitanda sehemu kubwa ya nchi, na katizo la dakika chache ni jambo la kawaida mitaani.

Kwa hivyo, pawa saplai haifai kuwa mahali pa kubania fedha. Tarakilishi ya ofisi isiyo na kadi ya picha kwa kawaida hutumia chini ya wati 150, na pawa saplai ya kuaminika ya wati 450 yenye alama ya 80 Plus huitosheleza kwa miaka mingi. Kifaa hafifu kinaweza kuondoka na ubao, kumbukumbu na diski kwa pamoja.

UPS humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Anayeinunua asome wati zake, kwani namba kubwa iliyoandikwa mbele huwa ni ya VA, na wati huwa chache kuliko hizo.

Jina Nakuru lenyewe husemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Kasha lenye vichujio vinavyotolewa na kusafishwa linafaa zaidi. Hali ya hewa ya mji huu, ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ni ya kiasi, na feni inayouzwa pamoja na prosesa ya kawaida hutosha mradi isizibwe na vumbi.

Diski nayo iwe SSD. Kwa aliyezoea diski ya kuzunguka, badiliko hilo huonekana upesi zaidi kuliko kuongeza kumbukumbu ambayo haikuwa imepungua.

Kukagua kabla ya kuridhika

Vifaa vikifika, kibandiko cha kila kipande kilinganishwe na kilichoagizwa. Kabla ya kukishika, fundi aguse chuma kisichopakwa rangi cha kasha ili kuondoa chaji mwilini, kisha akibonyeze kipande hadi vishikizo vilie. Programu ya CPU-Z huonyesha ukubwa, kizazi na kasi halisi ya kumbukumbu. MemTest86 huipima yote, na inafaa kuachwa ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja ni sababu ya kurudisha kipande, kwa kuwa kumbukumbu mbovu huharibu faili kimyakimya.

Hapo ndipo risiti huwa na kazi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo anayohitaji kuzihusu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaifafanua haki hiyo. Risiti itaje muundo kamili wa kila kifaa na muda wa dhamana, na mnunuzi aulize mapema iwapo bei ina VAT ya asilimia 16 na ni nani atakayelipia nauli ya kurudisha kifaa kibovu.

Majibu hayo yakiandikwa kabla ya fedha kutumwa, ugomvi mwingi huepukwa. Maneno ya simu pekee hayatamsaidia mnunuzi aliye Molo au Subukia atakapomdai muuzaji aliye Nairobi.