Nukta Ziinukazo na Kushuka

Louis Braille, aliyezaliwa Coupvray nchini Ufaransa mwaka 1809 na kupofuka angali mtoto kwa kujeruhiwa na chombo kikali katika karakana ya baba yake, mtengeneza matandiko ya farasi, alipotimiza umri wa miaka 15 alikuwa amekwisha kuupunguza mfumo wa maandishi ya kugusa wa nukta 12 wa Charles Barbier ukawa wa nukta 6, kadiri ncha ya kidole iwezavyo kuitambua herufi kwa mguso mmoja. Chuo chake cha vipofu cha Paris kiliukubali rasmi mwaka 1854, naye, kwa masikitiko makubwa, alikwisha kufariki 1852.

Lakini vitabu vya maandishi hayo ya nukta nundu vilikuwa vizito, kitabu kimoja kikigeuka majuzuu kadhaa. Hata katika miaka ya 1970 mafundi wakaunda ubao ambao vijiti vyake huinuliwa na fuwele zipindazo kwa umeme, mstari ukisomwa hutoweka na mwingine ukashika mahali pake. Fuwele hizo ndizo asili ya ughali wa ubao huo. Kwa hiyo msafiri aweza kukinai kwa ubao wa herufi 14 au 20. Karani ashughulikaye na hesabu, kwa rai yangu, asipewe pungufu ya 40.